Ushanga wa Magugu

Lango la kituo lilimkaribisha kila mtu kwa jina lake, isipokuwa mwanangu.

Asubuhi ile tulikuwa tumepanga foleni, wanawake na watoto, vikapu vya miche kichwani. Kila aliyepita, lango lilisoma ushanga wa mkononi mwake, kisha likasema kwa ile sauti yake ya mtu aliyeshiba: "Karibu, Mbuke." "Karibu, Sayi." "Karibu, Kwandu." Kwandu ni mimi. Nyuma yangu alikuwa binti yangu wa miaka minne na nusu, ameshika ncha ya kitenge changu. Alipopita yeye, lango lilinyamaza kidogo, halafu likasema:

"Imepokelewa."

Foleni nzima ikacheka.

"We Kwandu, mwanao ni barua?" akasema Mbuke, jirani yangu, ambaye hajawahi kuacha neno limpite.

"Ni mzigo wa ofisini huyo," akadakia Sayi. "Anasubiri mhuri."

Na mimi nilicheka. Naliandika hilo kabla ya mengine yote kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo. Lango liliniambia. Liliniambia kwa Kiswahili nilichokielewa, mbele ya watu, nami nikacheka, nikamshika mtoto mkono, tukaingia.

Ilikuwa mara ya kwanza watoto kuruhusiwa ndani. Miaka mitatu tulikuwa tunawaambia, subirini, mbuga haijapona. Kabla ya hapo Itinde, mbuga yetu, ilikuwa uwanja wa vumbi jeusi lenye nyufa ambazo mguu wa ndama ulizama humo mpaka gotini. Mama mkwe wangu anaikumbuka enzi nyingine. Anaitwa Nyanzobe, nasi tunamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Anasema zamani kila ukoo ulikuwa na ngitili yake, eneo la majani linalofungwa masika yote, ng'ombe haingii mpaka kiangazi kikali, na katikati ya ngitili zote palikuwa na maji yenye mafunjo na ndege aina ya korongo. Sisi tulizifungua ngitili zote kwa mkupuo mmoja, tukalima, tukalisha, maji yakawa yanapita Itinde kwa siku moja kama msafiri asiyemjua mtu.

Sasa mwanangu alichuchumaa kwenye njia kuwatazama mchwa.

Tuliwaita mchwa, na jina la ofisini nimelisahau. Ni mashine, kila moja kubwa kiasi cha ngumi, miguu sita, mgongo wa rangi ya udongo. Mmoja alikuwa amebeba kishungi cha ukoka na mizizi yake, anakwenda kukipanda mahali alipoamua yeye na wenzake. Mtoto akaweka kidole mbele yake. Mchwa akasimama, akazunguka kidole, akaendelea. Hawagusi kitu chenye joto, tuliambiwa siku ya kwanza. Ng'ombe, mbuzi, mtu, hawagusi.

Ila yule mchwa alirudi. Akasimama mbele ya mkono wa mwanangu wenye ushanga, akautazama, kama mashine inaweza kutazama. Nikamvuta mtoto, nikamwambia twende, jua linapanda.

*

Wale mchwa walifundishwa na sisi wenyewe. Waliokuja nao walikuwa wageni, hawakujua mmea upi ni wa Itinde na upi umekuja na mafuriko au mbegu za nje. Basi msimu wa kwanza akina mama na wazee tulipewa shanga. Unafunga ushanga kwenye mmea, unausogelea, unasema jina lake. "Ukoka." "Ndago." "Tete." Majani yale ya kung'olewa hatukuyahangaikia kwa majina yake, tuliyaita magugu tu, yote. Ukisema "magugu", mchwa wanakuja kuubeba mmea ule na ushanga wake, mzimamzima, mpaka kwenye kikaushio upande wa pili wa maji. Kikaushio ni nyumba ya vioo. Magugu yanapangwa ndani tangu asubuhi, na saa nane mchana, jua likiwa kali, milango inajifunga na joto linakusanywa mpaka kila mbegu inakufa. Hutupi gugu bichi, litaota tena.

Mayu Nyanzobe peke yake alifundisha majani mia moja na arobaini.

Lakini watu ni watu. Kuna mtu alifunga ushanga kwenye gugu ambalo mbuzi wake wanalipenda, akaliita ukoka. Mwingine aliita mpunga wa jirani yake magugu, mchwa wakaung'oa wote, ikawa kesi. Ndipo mtaalamu wa kituo, Bwana Ambakisye, akaziwekea mashine sikio jipya. Tangu siku ile, ukisema jambo ambalo wewe mwenyewe huliamini, unajibiwa: "Sauti ina shaka. Rudia." Tukafanya mchezo. Mbuke alisimama siku moja akasema, "Mume wangu ni mzuri wa sura," na ushanga ukamjibu arudie. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Wiki moja kabla ya siku ya watoto tuliitwa kuwaandikisha. Meza mbili, binti mmoja kutoka mjini, na kikapu cha shanga zilezile. Zamu yangu ilipofika hakuinua kichwa.

"Sema jina lake."

"Magugu," nikasema.

Ushanga ukawaka kijani mara moja. Haukusema nirudie. Nikamfunga mwanangu mkononi, nikaongeza fundo la pili maana ni mtoto wa kupoteza vitu.

Jina hilo lina mambo yake. Kabla yake nilizika wawili, mmoja wa miezi minane, mwingine wa mwaka na miezi miwili. Wa tatu alipozaliwa Mayu hakutaka kushangilia. Alimchukua akiwa bado na unyevunyevu, akaenda akamlaza kwenye jalala nyuma ya zizi, akaondoka bila kugeuka. Mbuke alikuwa ameshaambiwa, akapita kama mtu aliyepotea njia, akasema kwa sauti kubwa, "He! Nani katupa magugu hapa?" Akamwokota, akaniletea mlangoni: "Mama, nimeokota magugu yako, unayataka?" Nikajibu kama ilivyonipasa kujibu, "Lete tu, hayana maana." Kwa ukoo wa mume wangu ndivyo wanavyofanya, ili kifo kikipita kisione kitu cha kuchukua. Jina lake la kweli Mayu alilinong'ona mara moja tu, mimi na yeye, na akakataza lisitajwe mpaka mtoto ang'oke jino la kwanza. Hata baba yake halijui.

Miaka minne na nusu nilimwita mwanangu Magugu asubuhi, mchana na jioni. Nililisema kwa moyo wote. Nilitaka kifo kiamini.

Mashine nayo iliamini.

*

Tulipanda mafunjo mpaka saa saba hivi. Watoto walikuwa kwenye hema pembeni na Sayi, wanachora ndege. Nilikwenda kumpa mwanangu uji wake, nikakuta karatasi yake ina korongo mwenye miguu mitano, na yeye hayupo.

"Si alikufuata?" Sayi akasema. "Alisema anakwenda kwa mama."

"Kwangu hakufika."

Nyuma ya hema palikuwa na kiatu kimoja. Kutoka pale majani yalikuwa yamelala njia moja, upana wa mkeka, mpaka majini. Kwenye tope la ukingoni palijaa nyayo ndogondogo za miguu sita, mamia kwa mamia, na hapakuwa na unyayo hata mmoja wa mtoto.

Nilipiga yowe lililowatoa watu wote kwenye mafunjo.

Bwana Ambakisye alikuja mbio na kishikwambi chake. Ni mtu mwema, Mnyakyusa, mpole, wa kupangusa miwani kila anapotaka kufikiri. Akagusa kioo, uso wake ukalegea kwa furaha.

"Mama Kwandu, tulia. Watoto waliosajiliwa thelathini na mmoja. Waliomo ndani ya uzio sasa hivi, thelathini na mmoja. Hakuna aliyepotea."

"Bwana, nimekuja na mtoto, sina mtoto."

"Mfumo unaonyesha..."

"Hesabu vichwa!" Mbuke akamfokea. "Achana na hicho kioo, baba, hesabu vichwa!"

Akahesabu. Vilikuwa vichwa thelathini na kimoja. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia aliyechanganyikiwa, na kwa muda wa pumzi moja hata mimi nilijiuliza kama kweli nilizaa. Mbuke ndiye aliyesema, "Wetu walikuwa thelathini na wawili. Niliwahesabu mwenyewe nikigawa maandazi. Thelathini na mbili, na moja nikala mimi."

"Ushanga wake ulisajiliwa kwa jina gani?" Ambakisye akauliza.

"Magugu."

Alipangusa miwani. Akaacha kupangusa katikati.

"Umesema magugu?"

"Ndilo jina lake."

Akaandika kitu kwenye kioo. Nami najua kusoma, nimemaliza darasa la saba, nikasoma juu ya bega lake. Iliandikwa: *Magugu. Ushanga 412. Mzigo mmoja, kilo kumi na tano. Umepokelewa langoni saa mbili na dakika kumi. Uko njiani kwenda kikaushioni.*

"Hawagusi kitu chenye joto," nikasema. "Mlituambia hawagusi."

"Kisicho na ushanga," akajibu polepole. "Chenye ushanga wanausikiliza ushanga."

Lile fundo la pili nililifunga mimi.

*

Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na tano. Kikaushio kinafungwa saa nane kamili.

Kwa macho kikaushio kiko karibu, unakiona kinameta ng'ambo. Lakini katikati ni maji mapya na tope ambalo halina chini, na barabara inazunguka mpaka darajani, kilomita kumi na moja. Kijana mmoja wa pikipiki alishaondoka kukiwahi. Sote tulijua mvua ya juzi ilivyoifanya barabara ile.

"Zima mashine," nikamwambia Ambakisye. "Zote."

"Naweza." Akanionyesha kitufe chekundu kwenye kioo. "Lakini sikiliza, mama. Wanafikiri pamoja kama kichuguu, hakuna mmoja wa kumwambia simama, na milango ya kikaushio nayo inawasikiliza wao. Nikizima hawa, nimezima wote. Na tuta la juu halijakauka. Mchwa elfu sita wako ndani ya tuta lile, wameshikana miguu, ndio wanaoyazuia maji. Wakiachiana, tuta linakwenda."

"Liende! Mbuga tutapanda tena."

"Maji yanakwenda bondeni."

Bondeni kuna shule ya Mwigumo, na ilikuwa siku ya mtihani, na watoto wa Mbuke wawili walikuwa mle ndani.

Nitasema kweli, kwa kuwa sina sababu nyingine ya kuandika. Nilikichukua kile kishikwambi mikononi mwa Ambakisye, wala hakuking'ang'ania. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Moyoni sikuwa napima watoto mia tatu wa shule dhidi ya mtoto mmoja, anayedhani mama hupima hivyo hajawahi kuchimba kaburi fupi. Nilikuwa naona nyumba ya vioo tu.

Nikainua macho nikamwona Mbuke. Nilidhani atanirukia. Ningekuwa mimi ningeruka. Alinitazama, akalitua kapu lake la miche, akafunga kitenge kiunoni, akageuka, akaanza kukimbia kuelekea bondeni. Hakusema bonyeza wala usibonyeze. Alikwenda tu kuwatoa watoto, wa kwake na wa wengine, ili akiwahi, nitakachokifanya kiwe kimepungua ubaya.

Mbuke ana mwili mkubwa. Sijawahi kumwona anakimbia kabla ya siku ile.

"Hatawahi," akasema Ambakisye kwa sauti ya chini. "Mama, iko njia nyingine. Badilisha jina la ushanga. Sauti iliyolisema ndiyo pekee inayoweza kulifuta, na ni yako. Taja jina la mtu, atageuka mtu. Lolote. Mwite Rehema."

Nikasogeza mdomo kwenye kioo. "Ushanga mia nne kumi na mbili. Ni mtu. Anaitwa Rehema."

"Sauti ina shaka," kikajibu. "Rudia."

"Anaitwa Rehema!"

"Sauti ina shaka. Rudia."

"Anaitwa Monika! Anaitwa Tatu! Ni mwanangu, we mjinga, ni mtu!"

"Umetaja majina mengi. Rudia."

Ambakisye akashika kichwa. Lile sikio alilitengeneza yeye.

Saa saba na dakika arobaini na nane. Nilikuwa nalo jina ambalo sauti yangu isingelitilia shaka. Lilikuwa limekaa nyuma ya meno tangu siku ile ya jalala. Niligeuka kumtafuta Mayu na nikamkuta nyuma yangu, amekuja na fimbo yake na ungo wa mbegu kwapani. Alishasikia yote.

"Mayu," nikamwambia, "jino halijang'oka."

"Najua."

"Nikilitaja hapa kila kitu kitasikia, na kifo nacho. Wale wawili niliwaita majina yao mazuri toka siku ya kwanza, Mayu. Niliwaita mbele ya watu. Wewe ndiye uliyeniambia."

"Ndiyo, nilikwambia." Aliweka ungo chini taratibu, kana kwamba tuna siku nzima. "Nami ndiye niliyewafundisha hawa wadudu magugu ni nini. Siku nzima nilisema magugu, magugu, nang'oa. Sikukumbuka nina mjukuu. Kwa hiyo mzigo huu si wako peke yako, mwanangu. Litaje."

"Na kikija?"

"Kikija kitanikuta mlangoni, nimekaa. Nina miaka sabini na nane, mimi kilishanisahau. Nitakikumbusha." Akanishika bega. "Lakini usilitaje kwa woga. Ukilitaja kwa woga kidude hiki kitakwambia urudie, nalo jina tutakuwa tumelimwaga bure. Mtaje kama ulivyomtaja ulipomwona."

Nikafumba macho. Sikumfikiria kwenye vioo. Nilimfikiria juu ya jalala, anapiga teke hewani, hana habari kwamba hana maana.

"Ushanga mia nne kumi na mbili," nikasema. "Ni mtu. Ni mwanangu. Anaitwa Milembe."

Milembe kwetu ni amani.

Mahali fulani kwenye mafunjo ndege alilia na akaacha.

"Milembe," kikasema. "Jina limepokelewa. Watoto ndani ya uzio: thelathini na wawili."

Nilikwenda kusimama ukingoni, macho kwenye maji.

*

Walimleta kwa njia ileile. Kwanza tuliona mafunjo yanatikisika bila upepo, halafu ukatoka mkeka wa migongo ya udongo unaoelea, na juu yake amekaa mwanangu, miguu ameikunja kama bibi harusi, kiatu kimoja, tope mpaka nyusi. Mkononi alikuwa na ua la gugumaji la zambarau.

Walimweka ukingoni wakaachana, kila mmoja akaenda kwenye kazi yake, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilimkamata nikamnusa. Ndiyo, nilimnusa kichwani kama mbuzi anavyomnusa mtoto wake. Alikuwa wa moto wa jua tu, jua la kawaida.

"Mama," akasema kwa hasira, "mbona wamenirudisha? Tulikuwa bado hatujafika! Kule kuna nyumba inang'aa!"

Sayi akaanza kulia. Ambakisye akaenda kusimama nyuma ya hema, tukamsikia anapenga kamasi. Mimi nilicheka, kicheko kibaya, kisicho na breki, na mtoto akaniona nacheka akadhani amesema jambo la maana sana, akalirudia.

Kwenye saa tisa Mbuke akarudi, anavuta mguu, amejaa vumbi, na nyuma yake shule nzima ya Mwigumo imepanga mstari kwenye kilima, na mwalimu mkuu amekumbatia karatasi za mtihani. Alimwona mtoto mgongoni kwangu. Akakaa chini palepale njiani.

"Hukubonyeza," akasema.

"Sikubonyeza."

"Ungebonyeza?"

Nikamwambia kweli. "Ningebonyeza, Mbuke."

Alivuta pumzi mara tatu nne. "Najua," akasema. "Ndiyo maana nilikimbia." Kisha akanyoosha mikono. "Hebu mlete huyo mwanangu wa jalalani. Kaniharibia mtihani wa watu. Mwalimu ananiuliza swali la tano litajibiwa lini."

Jioni, jua bado liko juu ya mafunjo, tulitoka pamoja. Lango lilitusoma mmoja mmoja. Likafika kwetu.

"Kwa heri, Kwandu. Kwa heri, Milembe."

Mwanangu aligeuka akatazama nyuma, kulia, kushoto. Hakuona mtoto mwingine.

"Mama, Milembe ni nani?"

Woga ulinirudia wote. Mayu ndiye aliyeinama, magoti yakilalamika.

"Ni wewe," akamwambia. "Ulikuwa umefichwa. Tumekukuta."

*

Bwana Ambakisye aliandika kwa wakubwa wake kwamba ilikuwa hitilafu ya usajili. Alinisomea, nikamwambia afute. Hakuna kilichoharibika siku ile. Sikio lilisikia vizuri, miguu ilibeba vizuri, mimi nilisema nilichokusudia kusema. Alifuta akaandika upya, ukurasa mzima, kuhusu jalala na majina, na akaja kumuuliza Mayu kama ameandika sawa. Sasa kabla ya jina mashine inauliza, "Ni mtu, au ni mmea?" na shanga za watu ni nyekundu, na mchwa hawabebi kitu chenye joto, kiwe na ushanga kisiwe nao. Vijiji vingine vyenye vituo kama chetu sijui kama vimebadilisha.

Ndiyo maana nawaandikia, mama zangu na dada zangu, hasa mnaoita watoto Takataka, Mashaka, Jalala, Sikujali, kwa sababu mnazozijua. Siwaambii mwache. Mimi nisingemwacha mwanangu bila ganda. Ila mjue kwamba sasa tunaishi na vitu vinavyosikiliza, na havijui utani wetu, wala havijui tunamdanganya nani. Mtoto wako akipita langoni, usipite mbele. Simama nyuma yake. Sikiliza anaitwaje. Na usicheke.

Mayu alitimiza neno lake. Kesho yake alitoa kigoda, akakiweka mlangoni kwangu, akakaa, fimbo mapajani. Alikaa siku tatu. Alikula hapo, alisinzia hapo mchana, na aliyepita alisalimiwa na kuulizwa shida yake. Siku ya kwanza alikuja mbuzi. Siku ya pili alikuja kijana wa pikipiki kuomba radhi, alikwama kwenye matope kilomita ya nne. Siku ya tatu hakuja mtu.

Adhuhuri ile Mayu akasimama, akajinyoosha mgongo, akatazama njia upande wa huku na upande wa huko.

"Hakijaja," akasema. "Nipishe basi, nina mbegu za kupepeta."

Akabeba kigoda chake. Nyuma ya nyumba, kwenye majani yaliyokwisha kumzidi urefu, mtoto alikuwa anajiita mwenyewe kwa jina lake jipya, kwa sauti kubwa, na kujiitikia.